Mshahara Wako, Benki Ndiyo ya Kwanza Kula



Siku hizi ukikaa kwenye majlis yoyote ya watu wetu, iwe Al Khuwair, Al Khoudh au Mabela, kahawa haifiki duru ya pili kabla hujasikia malalamiko mawili. Kwanza, serikali imetubana. Pili, benki zinatunyonya. Wanaosema hivyo si mafakiri, wala si matajiri. Ni walimu, wauguzi, makarani, wahasibu, mafundi wa mitambo, maofisa wa wizara na wastaafu. Ni watu wenye mshahara unaoingia kila mwezi, nyumba iliyojengwa nusu kwa akiba na nusu kwa mkopo, gari moja au mawili, na watoto wanaosoma.

Mimi ni karani mstaafu, umri wangu umeshavuka sabini. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa daftari la mishahara, na mwenye kushika daftari hilo huziona taabu za watu kabla wenyewe hawajazisema, maana makato yote hupita hapo. Katika skuli ya misheni niliyosomea, mwalimu wetu wa hesabu hakutaka kusikia kwamba hesabu ni ngumu mpaka uwe umeiandika. Basi na sisi leo tuiandike hii ya kwetu. Tukishaiandika tutaona lalamiko lipi lina haki, lipi limeelekezwa pasipo, na nini kinaweza kufanywa na mtu wa kawaida.

Jambo ninalotaka lieleweke ni moja. Mtu wa kati hubanwa kuliko wengine wakati wa dhiki kwa sababu kipato chake kinaweza kupungua, lakini deni lake halipungui, na deni ndilo linalolipwa kwanza.

Tulivyoingia katika tabaka hili

Wengi wetu tunaosema Kiswahili hapa Oman, au wazee wetu, tulirudi baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya 1970, pale Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Nchi ilikuwa changa. Wizara zilikuwa zinaanzishwa, mabenki yanafunguliwa, kampuni ya mafuta inataka watu. Tuliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Tabora na hata Bujumbura tulikuwa na kitu kimoja kilichotakiwa sana, nacho ni kusoma, kuandika na kupiga mahesabu kwa Kiingereza. Ndiyo maana ukoo mzima unaweza kuukuta umekaa kwenye viti vya ofisi. Hatukurudi na mashamba wala maduka makubwa. Tulirudi na vyeti.

Hilo lilikuwa jema, na watoto wetu wamelifuata. Lakini mtu anayeishi kwa mshahara peke yake ana mlango mmoja tu wa kuingizia fedha. Mfanyabiashara mauzo yakipungua hupunguza wafanyakazi au hubadilisha bidhaa. Tajiri mwenye majumba ya kupangisha husubiri miaka mibaya ipite. Mwenye mshahara mlango wake ukifungwa nusu, hana dirisha.

Mafuta, hazina na mfuko wako

Bajeti ya Oman kwa sehemu kubwa imesimama juu ya mafuta na gesi. Pipa la mafuta likipanda, hazina hupumua. Likishuka, hazina huanza kutafuta pa kupunguza. Sisi wazee tumeliona hili zaidi ya mara moja. Januari 1986, bei ya mafuta ilipoporomoka, riyali ilishushwa thamani kwa kiasi cha asilimia 10. Kabla ya hapo riyali moja ilikuwa karibu dola 2.90, na tangu siku hiyo hadi leo ni dola 2.60. Mshahara kwenye karatasi haukubadilika hata baisa moja, lakini kila kilichotoka nje kiliongezeka bei. Mwaka 1998 tena pipa lilishuka hadi karibu dola 10.

Kishindo kikubwa kilikuja baada ya 2014. Katikati ya mwaka huo pipa lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Serikali iliziba pengo kwa kukopa, na deni la taifa ambalo mwaka 2014 lilikuwa dogo mno lilifika karibu asilimia 70 ya pato la taifa mwaka 2020, pale korona ilipofunga dunia na bei ya mafuta ikaanguka tena.

Hapo ndipo zikaja hatua ambazo kila nyumba inazikumbuka. Januari 2016 bei ya petroli ikaacha kuwa ya kudumu na kuanza kufuata soko. Mei 2020 idara za serikali zikaagizwa kuwapeleka kwenye pensheni si chini ya asilimia 70 ya Waomani waliotimiza miaka 30 ya utumishi. Marupurupu yakasimamishwa, na watu wakangoja vyeo kwa miaka. Ukatangazwa mpango wa kusawazisha fedha za serikali wa 2020 hadi 2024, uliopewa jina la Tawazun. Ruzuku ya umeme na maji ikaanza kupunguzwa mwaka 2021. Tarehe 16 Aprili 2021 ikaanza kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT, ya asilimia 5. Mwezi uliofuata vijana waliokosa kazi na walioachishwa walitoka barabarani Sohar, kisha Salalah na miji mingine, na Sultani Haitham akaamuru zitafutwe nafasi za kazi kwa haraka.

Kwa hazina, dawa hiyo ilifanya kazi. Deni la taifa limeshuka chini ya asilimia 40 ya pato la taifa, na Septemba 2024 shirika la S&P liliirudisha Oman katika daraja la nchi zinazoaminika kukopeshwa. Hili ni jambo la kushukuru, kwa sababu nchi inayozama katika madeni huishia kuamrishwa na wageni. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza, dawa hii imelipwa na nani?

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mfano. Baba analipwa riyali 800 kwa mwezi. Katika Oman kanuni za Benki Kuu zinaruhusu makato ya mkopo binafsi yafike nusu ya mshahara, na ukiingiza mkopo wa nyumba hufika asilimia 60. Tuseme huyu amekopa mpaka nusu. Benki inakata 400, nyumba inabakiwa na 400.

Sasa tazama. Nyumba hii inatumia lita 200 za petroli kwa mwezi. Kabla ya 2016, lita ya supa ilikuwa baisa 120, kwa hiyo petroli ilikuwa riyali 24. Tangu Novemba 2021, Sultani Haitham alipoamuru bei isipande tena juu ya pale ilipofika Oktoba mwaka huo, lita ya supa haizidi baisa 239. Kwa bei hiyo ni karibu riyali 48. Ongezeko ni riyali 24. Vyakula vingi vya msingi havikutozwa VAT, lakini tukisema nyumba inatumia riyali 200 kwa vitu vinavyotozwa, ni riyali 10 nyingine. Umeme na maji sivihesabu, maana kila nyumba ina matumizi yake, na kiyoyozi cha Julai mnakijua.

Riyali 34 zimeondoka. Mtu akikwambia ni asilimia 4 tu ya mshahara wa 800, hesabu yake ni sahihi, lakini haina maana. Baba huyu haishi kwa 800. Anaishi kwa 400. Kwake yeye ni zaidi ya asilimia 8.

Halafu barua ya kustaafu ikafika. Tuseme pensheni yake ni riyali 560, yaani kipato kimepungua kwa asilimia 30. Benki bado inataka 400 zake. Nyumba inabakiwa na 160. Kutoka 400 hadi 160 ni upungufu wa asilimia 60. Kipato kimepungua kwa chini ya thuluthi, lakini chungu cha jikoni kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Ukishaielewa hesabu hiyo umeelewa kadhia nzima. Ndiyo sababu mtu mwenye mshahara wa kuonekana mzuri anaweza kukosa fedha za karo tarehe 10, na jirani yake asimwelewe. Na ndiyo sababu anaona serikali haimtazami. Misaada ya serikali, kama ile ya petroli ya bei nafuu iliyoanza 2018, huwekewa kima cha kipato, na mfanyakazi aliye juu kidogo ya kima haipati. Afisa anayepanga msaada huangalia mshahara wote ulioandikwa katika karatasi. Haangalii kilichobaki baada ya benki.

Mkopo ulivyojengwa

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuone matanga haya yanapangwaje.

Chukua mkopo wa riyali 10,000, kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 6, ambayo ndiyo ya juu kabisa inayoruhusiwa na Benki Kuu ya Oman kwa mkopo binafsi. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, utalipa riyali 111 kila mwezi. Mpaka mwisho utakuwa umelipa 13,322. Riba ni 3,322.

Lakini riba hiyo hailipwi sawasawa. Mwezi wa kwanza, katika zile 111, riyali 50 ni riba na 61 tu ndizo zinazopunguza deni. Kila mwezi riba hupungua kidogo na deni hupungua kidogo zaidi. Ukifika miaka 5, nusu ya safari, umeshalipa riyali 6,661. Ukienda benki kuuliza deni limebaki kiasi gani, utaambiwa 5,743. Watu wengi hapo hudhani wameibiwa. Hawakuibiwa, ndivyo mkopo ulivyopangwa tangu siku ya kwanza. Lakini ni wangapi walielezwa siku ile ya kutia saini?

Hapa ndipo lilipo tatizo la kuongeza mkopo. Miaka ya neema, kijana alipotaka kuoa au kumaliza ghorofa, benki ilimpigia simu yenyewe: deni lako limepungua, unaweza kuchukua zaidi. Akachukua, na ile miaka 10 ikaanza upya, pamoja na ile miaka ya mwanzo ambayo riba ndiyo kubwa. Nimeona watu katika daftari langu waliolipa makato miaka 15 bila kukosa hata mwezi mmoja, na deni lao likawa halijashuka chini ya lile la mwanzo.

Benki, kwa upande wake, imejifunga mikanda yote miwili. Mshahara unapitia kwake kwa barua ya mwajiri, kwa hiyo inakata kabla hujaziona fedha. Kiinua mgongo chako nacho mara nyingi kimeandikwa kwamba kitapitia kwake. Mkopo una bima, ukifa inalipwa. Kwa hiyo mwaka mbaya unapokuja, kuna pande tatu, yaani serikali, mwajiri na benki, ambazo kila moja ina karatasi ya kuilinda. Wa nne ni wewe, na wewe ndiye uliyezitia saini karatasi hizo.

Kuahirishiwa si kusamehewa

Mwaka 2020 Benki Kuu iliyataka mabenki yaahirishe makato ya watu walioathirika. Kwa Waomani waliopoteza kazi au kupunguziwa mishahara kwa sababu ya janga lile, maagizo yalikuja kwamba waahirishiwe bila kuongezewa riba. Hilo lilikuwa jambo la haki, na lilisaidia nyumba nyingi.

Lakini neno kuahirisha lina sura mbili, na watu huzichanganya. Kuna kuahirisha ambako riba inasimama, na kuna kuahirisha ambako riba inaendelea kutembea wakati wewe umepumzika. Tukirudi kwenye ule mkopo wa 10,000, tuseme umepumzishwa miezi 6 mwanzoni mwa mkopo, na riba inatembea. Deni linakuwa 10,304. Ukirudi kulipa zile zile 111, huishii mwezi wa 120. Unaongeza miezi 5 nyingine. Mapumziko ya miezi 6 yamekugharimu kiasi cha riyali 555. Umekopeshwa nafasi ya kupumua, na umeilipia.

Sisemi mtu asikubali kuahirishiwa. Mwenye watoto hawana chakula hawezi kungoja. Nasema aulize kwa maneno haya haya, riba inasimama au inatembea? Akijibiwa kwa mdomo, aombe jibu la maandishi.

Na wale waliokimbilia benki za Kiislamu, zilizoruhusiwa kwa amri ya mwishoni mwa 2012, wana masuala yao ya kuuliza. Katika murabaha benki hununua kitu na kukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, na bei hiyo haibadiliki mpaka mwisho. Huo ni utulivu wa kweli, na faini ya kuchelewa haitakiwi kuwa faida ya benki bali hupelekwa kwenye sadaka. Lakini ukitaka kumaliza mapema, punguzo la faida iliyobaki si lazima liwe limeandikwa katika mkataba, hivyo uliza mapema. Na chochote utakachoita, riba au faida, mlango wa fedha ni ule ule mmoja.

Kwa nini Washington inaingia katika nyumba ya Muscat

Watu huniuliza, kama Benki Kuu ni yetu, kwa nini riba ipande wakati watu wana dhiki? Sababu ni ile riyali iliyofungwa kwenye dola. Fedha yako ikifungwa kwenye dola, huwezi kuiacha riba yako mbali sana na ya Marekani, maana fedha zitakimbilia huko. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri mpaka juu ya asilimia 5, kupambana na mfumuko wa bei wa kwao. Muscat, Abu Dhabi na Riyadh zikafuata. Riba ya Benki Kuu ya Oman ya kuyakopesha mabenki ikafika asilimia 6.

Mwenye mkopo binafsi Oman alikingwa na kile kikomo cha asilimia 6. Huo ni ulinzi ambao jirani zetu wengi hawanao, na haufai kusahauliwa tunapolalamika. Lakini mikataba mingine, khasa ya nyumba na ya biashara, ina kifungu kinachoiruhusu benki kuipitia riba upya kila baada ya muda. Wengi waligundua kifungu hicho baada ya makato kuongezeka.

Kwa jamaa zetu walioko Imarati, kanuni ni nyingine. Huko mkopo binafsi hauruhusiwi kuzidi mishahara 20, ulipwe ndani ya miezi 48, na makato yote yasizidi nusu ya kipato, au asilimia 30 ukishastaafu. Kwa sababu muda ni mfupi, makato ni mazito lakini deni huisha. Aliyezoea kanuni za Muscat asidhani za Dubai ni zile zile, na kinyume chake.

Lalamiko lipi lina haki?

Sasa tuseme ukweli wa pande zote. Kusema kwamba serikali haijafanya kitu si kweli. Mwaka 2020 ulianzishwa mfuko wa usalama wa ajira, uliokuwa ukimlipa Mwomani aliyepoteza kazi asilimia 60 ya wastani wa mshahara wake kwa miezi 6. Kuna sheria ya hifadhi ya jamii ya 2023, ambayo tangu Januari 2024 inampa kila mzee wa Kiomani aliyetimiza miaka 60 riyali 115 kwa mwezi, na kila mtoto riyali 10. Hata kodi ya kipato iliyotangazwa 2025, itakayoanza Januari 2028, itawatoza asilimia 5 wale tu ambao kipato chao kinazidi riyali 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi. Serikali yenyewe imesema kiasi cha asilimia 99 ya watu haitawagusa. Safari hii mzigo umeanzia juu, na ndivyo inavyotakiwa.

Lakini lalamiko la mtu wa kati lina haki katika mambo matatu.

La kwanza, hatua zilikuja kwa pamoja. Petroli, umeme, VAT, vyeo kusimama na pensheni ya mapema, kila moja ukiitazama peke yake ina sababu. Zote zikiingia nyumba moja ndani ya miaka michache, nyumba hiyo haina pa kujificha. Aliyepanga VAT hakukaa meza moja na aliyepanga pensheni, au kama alikaa, hatukuona dalili yake.

La pili, aliyestaafishwa kwa lazima hakuvunja ahadi yake kwa benki. Alikopa kwa hesabu ya mshahara, na mshahara ukaondolewa kwa uamuzi wa mwingine. Katika hali hiyo haifai benki iendelee kukata kana kwamba hakuna kilichotokea, au impe muda mrefu zaidi tu ili alipe riba zaidi. Kanuni ya nusu ya mshahara ipo siku ya kukopa. Ingefaa iwepo pia siku ya kipato kushuka. Makato yashuke yenyewe hadi nusu ya pensheni, na riba ya muda ulioongezeka ipunguzwe, kwa sababu benki nayo ilijua kwamba watu hustaafu.

La tatu, deni la mtu mdogo bado linaweza kumfikisha jela. Tangu 2012 Jumuiya ya Wanasheria wa Oman imekuwa ikiendesha mpango wa Fak Kurba, unaokusanya michango ya watu na kulipa madeni ya waliofungwa kwa kushindwa kulipa, ili watoke. Ni sadaka kubwa, na wengi wenu mnaichangia. Lakini tukitazama kwa jicho la karani, nchi inayohitaji sadaka kuwatoa wadaiwa gerezani inahitaji zaidi meza ya suluhu kabla ya gereza, mahali ambapo mdaiwa na benki watakaa na mtu wa tatu anayejua mahesabu.

Hayo ndiyo ya kuyafikisha kwa wajumbe wa Majlis Shura tunaowachagua. "Benki zinatunyonya" halimpi mjumbe kitu cha kuuliza. "Makato yashuke pamoja na kipato" linampa.

Kabla ya kutia saini

Wakati tunangoja wakubwa, kuna masuala ambayo kila mwenye kukopa, awe mwanangu au mjukuu wangu, namtaka aulize na kuyaandika majibu yake:

1. Riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki au juu ya mkopo wote? Asilimia 6 juu ya mkopo wote wa 10,000 kwa miaka 10 ni riba ya riyali 6,000, si 3,322.
2. Je, benki inaweza kubadilisha riba katikati? Lini, na mpaka kiasi gani?
3. Nikitaka kulipa mapema, nalipa faini gani?
4. Nikiachishwa kazi au nikistaafu, kiinua mgongo changu chote kinachukuliwa, au sehemu?
5. Bima ya mkopo inalipa kwa kifo tu, au na kwa kupoteza kazi?
6. Nikiongeza mkopo, miaka inaanza upya? Jumla ya nitakayolipa tangu mwanzo ni ngapi?

Na kwa aliyekwisha kukopa na sasa amebanwa, naomba asikae kimya. Aende benki kabla ya kukosa kulipa, si baada, maana jina likishaandikwa vibaya katika taarifa za Mala'a, ambako mabenki yote huangalia historia ya mkopaji, kila mlango unakuwa mzito. Aende na karatasi mbili, moja ya kipato kipya na moja ya matumizi ya lazima ya nyumba. Akikataliwa dirishani, aandike barua kwa meneja, aweke nakala, kisha ayapeleke malalamiko yake Benki Kuu, ambayo inapokea malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki. Barua iliyo na tarehe na tarakimu hujibiwa. Nimeziona nyingi zikijibiwa.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la kwetu wenyewe. Katika jamii yetu deni ni siri. Mtu atavaa dishdasha iliyopigwa pasi na kofia mpya, ataalika watu walima, na mkewe hajui makato ni kiasi gani. Mara ngapi mjane amekuja ofisini na karatasi asizozijua, kwa sababu mumewe hakutaka kumtia wasiwasi? Mwenye deni amwambie mwenzake wa ndani, na watoto wakubwa waijue hesabu ya nyumba. Hapo wataelewa kwa nini harusi mwaka huu ni ndogo, na pengine wao wenyewe ndio watakaosema iwe ndogo.